Jinsi ya kutengeneza vifaru vya kweli na ramani ya Madagaska 1942 kwenye modi ya Battlefield 2, hatua kwa hatua

Watu wengi wakianza kutengeneza vitu vya modi (nyongeza ambazo wapenzi wa gemu wanalitengenezea wenyewe) ya vita vya pili vya dunia wanakimbilia Normandy au Stalingrad, vifaru vya Kijerumani, Tiger huku Panther kule, matokeo yake unakuwa na ramani ya hamsini ya ufukwe uleule. Forgotten Hope 2, ile modi ya Battlefield 2 iliyotoka 2007, ilianza na jangwa la Afrika Kaskazini na ikafanya vizuri sana kwa sababu walichimba historia kabla ya kuchora chochote. Mimi njia yao nimeipeleka Madagaska. Waingereza walishuka kule tarehe 5 Mei 1942 kuiteka bandari ya Diego Suarez kutoka kwa Wafaransa wa serikali ya Vichy, ile iliyoshirikiana na Ujerumani, na Septemba mwaka huohuo wakaingia vitani askari wa keya wenyewe, yaani King's African Rifles (KAR): 5 KAR ya Kenya, 1/6 KAR ya Tanganyika na 1/1 KAR ya Nyasaland. Hii ni vita ya hapa jirani kabisa na kwenye magemu ni kama haikutokea.

Mwongozo huu ni wa mtu anayejua kutumia kompyuta vizuri lakini hajawahi kutengeneza modi. Nafuata injini (programu ya msingi inayoendesha gemu) ya Battlefield 2 kwa sababu ni ya 2005 na inakimbia hata kwenye laptopu chovu, ila kazi ya utafiti na ya kupima ni ileile kwenye injini yoyote.

Vitu vya kuwa navyo

Battlefield 2 iliyopandishwa hadi toleo 1.5, BF2 Editor (programu ya kuhariri ramani za Battlefield 2, yaani BF2), Blender ya kujenga modeli, GIMP ya picha na QGIS ya data za ramani. Zamani ilibidi uwe na 3ds Max kwa ajili ya modeli, siku hizi kuna plagini ya Blender inayosoma na kuandika meshi (wavu wa pembetatu unaounda umbo la kitu) za BF2 kwa hiyo usipoteze hela. Nakili folda nzima ya gemu mahali pengine kabla hujagusa kitu, na kila siku ukimaliza kazi sevu nakala yenye tarehe. Umeme ukikatika wakati Editor inaandika faili, faili lile limekwenda, mimi nilipoteza hivyo kazi ya wiki mbili za miti na barabara.

Hatua ya 1: Soma kwanza, uchore baadaye

Tafuta mambo matatu tu: nani alikuwepo, na silaha gani, na ardhi ilikuwaje. Kwa Diego Suarez jibu la vifaru ni fupi na ndilo lililonivutia. Waingereza walikuja na kikosi kidogo kinaitwa B Special Service Squadron, Valentine 6 na Tetrarch 6, jumla 12 basi. Wafaransa hawakuwa na kifaru cha kujibu mapigo, walikuwa na mizinga ya milimita 75 iliyofichwa, mahandaki, na safu ya ulinzi iliyokatiza rasi kusini ya mji wa Antsirane, yenye Fort Caimans na Fort Bellevue na mtaro wa kuzuia vifaru. Vifaru viliwatangulia askari wa miguu, vikajikuta mbele ya ile mizinga peke yao, na vingi viliishia palepale.

Picha tafuta kwenye makusanyo ya Imperial War Museums ya Uingereza, na upande wa Kifaransa ingia Gallica, ile maktaba ya mtandaoni ya Bibliothèque nationale de France, kuna ramani na picha za zamani za Madagaska. Andika majina yote kwenye kutafuta: Diégo-Suarez, Antsirane, na Antsiranana ambalo ndilo jina la leo, maana ukiandika moja tu unakosa nusu ya vitu. Kila picha iandikie umeitoa wapi na inaonyesha nini, usije ukajaza folda ya picha 400 halafu hujui ipi ni ya Mei 1942 na ipi ni ya miaka kumi baadaye.

Hatua ya 2: Kata kipande kimoja

Kutoka ghuba ya Ambararata vilikoshukia vifaru mpaka Antsirane ni mwendo mrefu kuliko ramani ya BF2 inavyobeba. Ramani nzuri ya injini hii ni kilomita 2 kwa 2, kwa hiyo huwezi kuweka kushuka ufukweni, kupita Col de Bonne Nouvelle, kijiji cha Anamakia, safu ya ulinzi na bandari vyote pamoja bila kuvifinya, na ukifinya umeua kila kitu kwa sababu vita ile iliamuliwa na umbali. Mimi nilikata kuanzia uwanda ulio mbele ya safu ya Wafaransa mpaka gatini. Kushuka ufukweni unaweza kutengeneza ramani yake pembeni ukiwa na nguvu.

Hatua ya 3: Ardhi

Hapa ndipo watu wanachora vilima kwa mkono halafu wanashangaa mbona mahali hapafanani. Usichore, chukua ardhi yenyewe. Data ya SRTM, yaani vipimo vya miinuko ya ardhi vilivyopimwa na chombo cha angani Endeavour mwezi wa pili 2000, ni bure kwenye tovuti ya USGS. Data imekatwa vipande vya mraba vinavyoitwa vigae, na kigae unachotaka ni S13E049, kama MB 25 hivi, hata bando la siku linatosha.

Kigae kinakuja kwa nyuzi, gemu linataka mita, kwa hiyo kigeuze kwenda EPSG:32739 ambayo ndiyo kanda ya 39 kusini ya mfumo wa ramani wa UTM, kisha kata mraba wako. QGIS inakuja na GDAL, zana za kugeuza data za ramani, ndani yake, fungua dirisha la amri uandike:

gdalwarp -t_srs EPSG:32739 -te (mipaka yako minne: magharibi, kusini, mashariki, kaskazini) -ts 1025 1025 -r cubicspline S13E049.tif kipande.tif

gdal_translate -of ENVI -ot UInt16 -scale -20 140 0 65535 kipande.tif HeightmapPrimary.raw

Ile 1025 ni lazima, gemu halipokei 1024. Ile minus 20 ni nafasi ya chini ya bahari, maana SRTM bahari yote inasoma sifuri kama meza, ukianzia sifuri hutakuwa na pa kuchimba kina na meli itakaa juu ya maji kama sahani. Sasa usawa wa bahari umekuwa mita 20 ndani ya gemu, weka namba hiyo kwenye maji. Urefu wote ni mita 160, kwa hiyo kwenye Heightdata.con kipimo cha wima kiwe 0.00244 na cha mlalo kiwe 2. Ukikosea hiki cha wima vilima vinakuwa kama sindano au vinalala kabisa.

Ukishaingiza, pita na brashi ya kulainisha. SRTM inapima juu ya paa na juu ya miti, na mji wa 2000 si mji wa 1942, kwa hiyo sehemu ya mji itakuja na vichuguu ambavyo ni majumba ya leo. Na kwa kuwa data ni ya kila mita 30, vitu vidogo kama handaki na mtaro wa vifaru havimo, hivyo ndivyo vya kuchimba kwa mkono ukiangalia ramani za zamani.

Upeo wa macho usiusahau. Mtu aliyefika Diego Suarez anaijua kwa Montagne des Français upande wa mashariki na kile kisiwa kidogo cha Nosy Lonjo kama koni katikati ya ghuba, na kusini kwa mbali Montagne d'Ambre. Vitengeneze kama modeli nyepesi nje ya ramani, mchezaji hafiki kule lakini vinampa mwelekeo, hata bila dira anajua bandari iko wapi.

Miti: kuna mikoko pembeni ya ghuba, na kuna mibuyu ya kule kaskazini, Adansonia suarezensis, ambayo shina lake ni laini na linasimama kama nguzo, si ule mbuyu wetu wa bara uliofura tumbo. Tengeneza mitatu tu tofauti uizungushe. Na mwezi wa tano upepo wa varatraza unakuwa umeshaanza kuvuma kutoka kusini mashariki, basi moshi wote kwenye ramani uelekeze kaskazini magharibi.

Hatua ya 4: Kifaru, na hapa tutakaa kidogo

Anza na Valentine maana ni rahisi. Urefu mita 5.41, upana 2.63, kimo 2.27, deraya ya mbele kama milimita 60, mwendo kilomita 24 kwa saa barabarani. Weka mchemraba wenye vipimo hivyo Blender, ufunge, halafu jenga ndani yake, kitu chochote kikitoka nje ya mchemraba ujue umekosea. Michoro ya kwenye mtandao usiiamini kwa macho, pima: chukua kipenyo cha gurudumu kwenye mchoro wa ubavu na ulinganishe na picha halisi. Mimi nilijenga Valentine nzima juu ya mchoro uliokuwa umevutwa kwenda juu asilimia chache, kichwa, ile sehemu ya juu inayozunguka na mzinga, kilikuwa kirefu kama kofia ya mpishi, na niligundua siku nimeiweka ndani ya gemu pembeni ya askari.

Tetrarch ndiyo kitu chenyewe. Ni kifaru chepesi cha tani 7.6, watu watatu, injini ya Meadows nguvu farasi 165, kinakimbia mpaka kilomita 64 kwa saa, na deraya yake nene kabisa haizidi milimita 16. Kina magurudumu manne makubwa kila upande, hakina vile vigurudumu vidogo vya kurudishia mnyororo juu. Ila ajabu yake ni kukata kona. Vifaru vingi unavyovijua vinakata kona kwa kuzuia au kupunguza mwendo wa mnyororo wa upande mmoja. Tetrarch dereva ana usukani kama wa gari, akizungusha, magurudumu yenyewe yanageuka na kuinama, na mnyororo unapinda kama upinde kufuata magurudumu. Akitaka kona kali zaidi ndipo anazuia upande mmoja.

Kwa hiyo ukiunakili mfumo wa kifaru cha kawaida kutoka gemu, yaani c_ETTank, Tetrarch yako itageuka papohapo kama Valentine na umeshaiharibu. Nilichofanya: injini nikaiweka c_ETCar, kila gurudumu likawa ni kipande kinachozunguka chenyewe, ya mbele na ya nyuma yanageukia pande tofauti, ya katikati kidogo sana. Mnyororo wenyewe nikaukata vipande na kila kipande nikakifunga kwa gurudumu lake, ukiangalia kwa mbele unaona kabisa unapinda. Inachukua muda, na kwa kasi hakuna atakayeona, lakini kifaru kikipita pole mbele ya handaki lako na ukaona ule mnyororo unajikunja utaelewa kwa nini nimesisitiza.

Mara ya kwanza nilipojaribu kilipinduka kona ya kwanza kwa kilomita 60. Dawa yake ni kushusha kitovu cha uzito na kuongeza ukinzani wa springi, na pia kupunguza pembe ya usukani kasi inapopanda. Usipunguze mwendo wake. Mwendo ndio deraya ya kile kifaru.

Modeli ikikamilika, BF2 inataka sura tatu ndani ya faili moja: ya ndani anayoiona aliyemo, ya nje, na gofu lililoungua. Kila sura itengenezee meshi tatu au nne zinazozidi kuwa nyepesi, za kuonyeshwa kifaru kikiwa mbali. Mimi sura ya nje ya karibu naiacha pembetatu elfu kumi hivi, zaidi ya hapo ni kujisifu tu. Gofu usilipuuze, kwenye ramani hii magofu ndiyo kificho pekee cha askari wa miguu uwandani, kwa hiyo lijenge imara, mtu ajifiche nyuma yake risasi zisipite.

Rangi, ukiwa na picha ya Mei 1942 fuata hiyo. Huna, basi weka rangi moja iliyochakaa na vumbi jekundu kwenye mnyororo na tumbo, usibuni mabaka wala majina ya vifaru. Makumbusho ya vifaru ya Bovington kule Uingereza wanayo Tetrarch na Valentine, picha za wageni waliozitembelea zinasaidia sana kwa misumari na bawaba, ila rangi ya makumbusho si ushahidi wa rangi ya vitani.

Hatua ya 5: Deraya na risasi

Kwenye BF2 kila uso wa meshi ya kugongana (ile isiyoonekana, ya kupokea risasi na migongano) unapewa namba ya materiali, na jedwali la materiali ndilo linaamua risasi ipi inaumiza nini. Gawa kifaru: mbele, ubavu, nyuma, kichwa, tumbo, mnyororo. Ukikipa namba moja kote umetengeneza sanduku.

Sasa sikiliza hili kwa makini, maana ndilo linalobadilisha ramani yote. Mzinga wa Valentine na wa Tetrarch ni uleule, 2-pounder wa milimita 40, na hivi vifaru vilibeba risasi ngumu za chuma za kutoboa, si makombora ya kulipuka. Maana yake mwenye kifaru akiona mzinga wa 75 umejificha kwenye handaki hawezi kuulipua kwa mzinga wake, anabaki na bunduki ya Besa ya milimita 7.92. Jamaa zangu tulipojaribu mara ya kwanza nilikuwa nimesahau kombora la kulipuka lililotoka kwenye faili nililonakili, Waingereza walifagia safu nzima kwa dakika sita. Nikaliondoa, siku hiyohiyo vita ikageuka, vifaru vikawa vinasubiri askari wa miguu na askari wanavililia vifaru, na hilo ndilo somo la 5 Mei lenyewe bila mtu kulihubiri.

Ndiyo maana nakataa watu wakiniambia niwape Wafaransa kifaru ili kuwe na usawa. Usawa utoke kwenye ardhi na idadi: vifaru 12 ndiyo jumla ya raundi yote, kikifa hakirudi, na Mfaransa ana mizinga iliyofichwa na uwanda wa wazi mbele yake.

Hatua ya 6: Watu

Waliolinda Diego Suarez wengi hawakuwa Wazungu, walikuwa Wamalagasi na Wasenegali ndani ya jeshi la Ufaransa. Tengeneza nyuso za kutosha, angalau sita, na sauti usichukue za modi nyingine ukazibandika hovyo. Kama huna mtu wa kurekodi, acha filimbi na amri fupi za Kifaransa, inatosha.

Angani Waingereza walileta Swordfish, Albacore na Martlet kutoka meli za Illustrious na Indomitable, Wafaransa walikuwa na Morane 406 na Potez 63. Kwenye kilomita 2 ndege moja kila upande inatosha.

Hatua ya 7: Mpangilio wa mchezo

Bendera zifunguke kwa mfuatano: uwanda, safu ya ulinzi, pembeni ya mji, kambi, gati. Raundi ibebe mambo mawili ya kweli. La kwanza ni lile la vifaru kukwama. La pili ni usiku wa kuamkia tarehe 7, meli ya HMS Anthony ilipita ghubani ikashusha wanamaji 50 gatini nyuma ya walinzi, na ulinzi ukavurugika. Tumia hati ya Python ya upande wa seva: safu ikikaa mikononi mwa Wafaransa dakika 15, fungua sehemu ya kuanzia gatini kwa Waingereza, watu 50 na isirudie tena. Mfaransa anayejua hili itabidi aache walinzi wachache nyuma, na kila anayemwacha kule anapungua mbele.

Usiweke dawa za afya na risasi kila kona, weka chache penye mantiki, kambini na kwenye lori.

Hatua ya 8: Kujaribu na kufunga

Kwanza tembea peke yako ramani nzima kwa miguu, kila mita, utakuta mawe yanayoelea na handaki lisilotokeka. Pili endesha kila kifaru kuvuka mtaro, kama kinavuka umeuchimba kidogo. Tatu ingiza roboti, yaani wachezaji wanaoendeshwa na kompyuta, ila ujue kutengeneza ramani yao ya kupita kunakula masaa, iache usiku. Nne, na hii wengi wanairuka, jaribu kwenye mashine dhaifu kuliko zote unazoweza kuazima. Ikikwama ukiangalia mji kutoka uwandani, punguza majani kwanza, kisha umbali wa kuona vitu vidogo, ukungu wa asubuhi unakusaidia kuficha.

Ukiridhika, tengeneza vivuli vya kudumu ndani ya Editor, funga vya kuonekana kwenye client.zip na vya seva kwenye server.zip, folda ya Info iwe na picha ya ramani na maelezo mafupi. Kwenye maelezo andika kipi umekithibitisha na kipi umekadiria, mtu mwenye picha bora atakuletea.

Kama bado una nguvu: ramani ya keya

Ramani inayofuata iwe ya brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki. Walishuka Majunga Septemba 1942 wakapanda barabara kuelekea Antananarivo, mji ukaangukia mikononi mwao tarehe 23, wakaendelea kusini mpaka Wafaransa wakaweka silaha chini mwanzoni mwa Novemba. Hapa hakuna kifaru, kuna magari ya deraya ya Marmon-Herrington kutoka Afrika Kusini, na vizuizi vya magogo na mawe barabara nzima. Mchezo wake uwe wa kuondoa vizuizi huku unapigwa, si wa kukimbilia bendera.

Anza na daraja la Betsiboka. Wafaransa walilikata, sehemu ya katikati ikaanguka mtoni lakini ikalala bapa kwenye maji ya kina kifupi, na msafara ukapita juu yake hivyohivyo. Jenga ile sehemu ya katikati kama kitu kinachosimama peke yake, kishushe mpaka maji yafike magotini mwa askari, na meshi ya kugongana ya magari iwe nyororo kabisa hata kama ya macho ina mbao zilizovunjika, la sivyo kila Marmon-Herrington itanasa pale katikati.